Kupima plazma kwa rezonansi za mistari ya uga sumaku: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ukiwa na magnetomita mbili (vifaa vya kupima uga sumaku) zilizosimikwa ardhini, saa zinazokubaliana na data ya asubuhi moja, unaweza kukadiria uzito wa plazma iliyo kilomita 19,000 juu ya ikweta bila kurusha chombo chochote angani. Njia yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kidogo kuifanya vizuri, na wengi wanaoijaribu mara ya kwanza hukosea mahali palepale: hutafuta kilele kirefu kuliko vyote kwenye spektra (mchoro wa nguvu ya mitetemo kwa kila frikwensi), hukiita rezonansi, kisha hutoa jibu lisilohusiana na plazma waliyotaka kuipima. Hapa nitaeleza njia ninayoitumia mwenyewe, ambayo hutegemea awamu ya mawimbi (yaani wimbi limefika wapi katika mzunguko wake) kuliko kimo chake, na nitazifanya hesabu hadi mwisho ili uweze kuzirudia na kulinganisha.

Kabla ya kuanza: ni nini hasa kinachotetema

Magnetosfia ni eneo linaloizunguka sayari ambamo uga sumaku wa sayari hiyo ndio unaotawala mwendo wa chembe zenye chaji. Ndani yake mna plazma, yaani gesi ya ioni na elektroni, ambayo imefungamana na mistari ya uga mfano wa shanga zilizotungwa: huteleza kwa urahisi kuufuata mstari, lakini haiwezi kuukata na kupita upande wa pili. Mstari ukisukumwa kando, mkazo wa uga huurudisha mahali pake, na plazma iliyobebwa humo ndiyo inayoufanya uwe mzito kurudi. Mwaka 1942 Hannes Alfvén alionyesha kwamba mtikisiko wa namna hiyo husafiri kama wimbi, na kwamba kasi yake ni nguvu ya uga ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha msongamano wa tungamo, ukiacha kizidisho kisichobadilika. Uga ukiwa na nguvu wimbi huenda mbio. Plazma ikiwa nzito wimbi hujikokota.

Wimbi la Alfvén likisafiri kwenye mstari wa uga wa Dunia hufika ionosfia ya kaskazini, tabaka la juu la angahewa lenye chembe zenye chaji na linalopitisha umeme vizuri, likarudishwa. Hufika ya kusini, likarudishwa tena. Kwa hiyo mstari huo unafanana na uzi wa gitaa uliofungwa ncha zote mbili, na una frikwensi zake wenyewe. Wazo kwamba mitetemo ya uga inayopimwa ardhini ni mawimbi ya Alfvén yaliyosimama kwa namna hii lilitolewa na James Dungey mwaka 1954. Nadharia ya jinsi mistari hiyo inavyochochewa ilikamilika miaka 20 baadaye, mwaka 1974, pale David Southwood kwa upande mmoja, na Liu Chen pamoja na Akira Hasegawa kwa upande mwingine, walipoonyesha kwamba wimbi la mgandamizo linaloingia kutoka nje hukabidhi nishati yake kwenye mstari ule tu ambao frikwensi yake inalingana na ya wimbi. Makabidhiano hayo ndiyo rezonansi tunayoitafuta.

Jambo moja ushike kuanzia sasa, maana hatua zote zinalitegemea: kila mstari una frikwensi yake. Kadiri unavyokwenda mbali na Dunia, mistari hurefuka, uga hudhoofika, na frikwensi hushuka. Kituo kilicho karibu zaidi na ncha ya sumaku kwa kawaida kimekaa chini ya mstari wenye frikwensi ndogo kuliko kituo kilicho karibu na ikweta.

Hatua ya 1: Chagua jozi ya vituo

Unahitaji vituo viwili vilivyo karibu kwenye meridiani moja ya sumaku, kimoja kaskazini mwa kingine. Umbali unaofaa ni kati ya kilomita 100 na 300. Vikikaribiana zaidi ya hapo hupati faida, kwa sababu mikondo inayozalisha mtikisiko unaoupima inapita kwenye ionosfia, kilomita 100 na kitu juu ya kichwa chako, na chochote kilicho chembamba kuliko kimo hicho hufifia kabla ya kufika ardhini. Vikiachana sana, vituo vinakuwa vinasikiliza mistari isiyohusiana, na mshikamano wa mawimbi unapotea.

Kwa mfano wetu nitatumia jozi ya Hankasalmi na Oulujärvi, vituo vya Ufini vilivyo katika mtandao wa magnetomita uitwao IMAGE, ambao hurekodi kila baada ya sekunde 10. Vimeachana kwa takribani kilomita 250, na katikati yao latitudo ya sumaku inakaribia nyuzi 60. Latitudo hiyo huigeuza kuwa umbali wa mstari kwa kanuni fupi: gawanya 1 kwa kosaini ya latitudo iliyozidishwa kwa yenyewe. Kosaini ya nyuzi 60 ni 0.5, mraba wake ni 0.25, na jibu ni 4. Mstari tunaoupima, basi, unaikata ikweta kwenye umbali wa nusukipenyo 4 za Dunia kutoka kitovuni. Umbali huo huitwa L.

Hakikisha pia kwamba vipimo vimechukuliwa kwa kasi inayotosha. Data ya kila sekunde 10 inakuruhusu kuona hadi milihezi 50 (milihezi ni sehemu ya elfu ya hezi), jambo linalotosha kabisa kwa L ya 4. Data ya kila dakika, ambayo ndiyo rahisi kuipata kutoka vituo vingi duniani, inaishia milihezi 8.3, nayo ni ukutani kabisa kwa kazi hii. Ukitaka kushuka hadi L ya 2, ambako frikwensi hupanda hadi makumi ya milihezi, tafuta data ya kila sekunde.

Hatua ya 2: Chagua saa

Chagua mchana, baina ya saa 1 asubuhi na saa 11 jioni kwa saa za mahali pa kituo. Sababu ni mbili. Vyanzo vya mawimbi viko upande wa Jua: kwenye mpaka wa magnetosfia, upepo wa Jua (plazma inayomiminika kutoka Jua) unapita kwa kasi na kuusugua mpaka huo hadi ukafanya mawimbi kama upepo ufanyavyo juu ya maji, na mbele yake kuna wimbi la mshtuko ambako ioni zinazorudishwa nyuma huchochea mawimbi ya aina nyingine. Pili, mwanga wa Jua ndio unaoifanya ionosfia ipitishe umeme vizuri, na bila hivyo ncha za uzi wetu zinalegea.

Mapambazuko yanahitaji tahadhari ya pekee. Kuna kipindi ambacho ncha moja ya mstari imeshapata mwanga na nyingine bado iko gizani. Hapo uzi umefungwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili, kama filimbi iliyozibwa ncha moja, na frikwensi yake hushuka hadi karibu nusu. Kwa kuwa msongamano tutakaoukokotoa unategemea mraba wa frikwensi, kosa la nusu kwenye frikwensi ni kosa la mara nne kwenye jibu. Ukiona frikwensi inapanda polepole katika saa za kwanza za asubuhi, usikimbilie kusema plazma imepungua.

Hatua ya 3: Safisha data

Chukua kijenzi cha uga kinachoelekea kaskazini. Hili huwashangaza wanaojua kwamba mstari wenyewe, kule juu, hutetema kuelekea mashariki na magharibi. Ionosfia ndiyo inayouzungusha mtikisiko huo kwa takribani nyuzi 90 kabla haujafika ardhini, kwa hiyo kinachotetema mashariki na magharibi juu unakisoma kaskazini na kusini chini.

Kagua data kwa macho kabla ya kuipa programu yoyote. Ondoa miruko ya ghafla inayotokana na magari au mashine zilizo karibu na kituo, na mapengo mafupi yazibe kwa mstari ulionyooka. Yakizidi dakika mbili au tatu, kitupe kipande hicho chote. Kisha badala ya thamani za uga zenyewe, tumia tofauti baina ya kipimo kimoja na kinachofuata. Nguvu ya mitetemo ya asili huporomoka sana kadiri frikwensi inavyopanda, na tofauti hizi husawazisha mteremko huo ili mawimbi mafupi yasimezwe na yale marefu. Awamu baina ya vituo viwili haiathiriki, kwa sababu vyote vimefanyiwa kitu kilekile.

Hatua ya 4: Tengeneza spektra mtambuka

Kata data katika vipande vya dakika 40, kila kipande kikianza dakika 10 baada ya kilichotangulia. Kwa vipimo vya kila sekunde 10, kipande kimoja kina vipimo 240, na hatua ya frikwensi ni milihezi 0.42. Lainisha ncha za kipande ili kisianze wala kuisha ghafla, kisha fanya mageuzi ya Fourier kwa kila kituo.

Sasa zidisha matokeo ya kituo cha kusini kwa mwambatani changamano wa matokeo ya kituo cha kaskazini, frikwensi kwa frikwensi. Zao hilo ni namba changamano: ukubwa wake ni nguvu ya pamoja, na pembe yake ni tofauti ya awamu baina ya vituo. Piga wastani wa namba zenyewe juu ya frikwensi tatu au tano zinazopakana na juu ya vipande viwili au vitatu vinavyofuatana, ndipo usome pembe. Usipige wastani wa pembe moja moja. Pembe ya nyuzi 179 na pembe ya nyuzi −179 karibu ni kitu kimoja, lakini wastani wake wa kawaida ni sifuri, na sifuri hiyo ni uongo mtupu. Nimeona grafu nzuri zilizojengwa juu ya kosa hili dogo.

Kokotoa pia mshikamano, yaani kipimo cha kati ya 0 na 1 kinachoonyesha kama vituo viwili vinaona wimbi moja. Mimi hufuta kwenye mchoro kila mahali uliposhuka chini ya 0.6, si namba takatifu, ila chini yake sijawahi kupata jibu ninaloliamini.

Hatua ya 5: Soma awamu

Hapa ndipo pa kukaa, maana hapa ndipo kazi yote ilipo.

Fikiria kitu chochote chenye frikwensi yake kinachosukumwa na nguvu ya nje. Kikisukumwa polepole kuliko frikwensi yake, hufuata msukumo bila kuchelewa sana. Kikisukumwa kwa frikwensi yake yenyewe, huchelewa kwa robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90. Kikisukumwa haraka zaidi, huchelewa hadi kukaribia nyuzi 180. Sasa weka vitu viwili vya namna hiyo, mstari wa kusini wenye frikwensi kubwa kidogo na mstari wa kaskazini wenye frikwensi ndogo kidogo, uvisukume kwa wimbi moja ambalo frikwensi yake iko katikati. Wa kusini unasukumwa polepole kuliko apendavyo, kwa hiyo unachelewa kidogo. Wa kaskazini unasukumwa haraka kuliko apendavyo, kwa hiyo unachelewa sana. Tofauti ya awamu baina yao ni kubwa kuliko popote kwenye frikwensi hiyo ya katikati, nayo ndiyo frikwensi ya mstari unaopita katikati ya vituo vyako. Njia hii ya awamu ilienezwa na kazi ya Colin Waters na wenzake ya mwaka 1991.

Uzuri wake ni kwamba haijali chanzo kina nguvu kwenye frikwensi ipi. Mawimbi yanayotoka kwenye wimbi la mshtuko, kwa mfano, yana frikwensi ambayo kwa milihezi ni takribani mara 6 ya nguvu ya uga wa upepo wa Jua kwa nanotesla. Upepo ukibeba nanotesla 5, utaona kilele kizuri karibu na milihezi 30 kwenye vituo vyote, vya kaskazini na vya kusini, mahali palepale. Kilele hicho kinakueleza habari za upepo wa Jua. Hakina neno lolote la kukuambia kuhusu mstari ulio juu yako. Kilele kisichohama unapobadilisha latitudo ni chanzo. Kinachohama ndicho mstari.

Chora mchoro ambao mlalo wake ni saa, wima wake ni frikwensi, na rangi yake ni tofauti ya awamu. Siku njema utaona utepe mmoja ulionyooka kwa saa kadhaa, na kwa jozi ya umbali huu tofauti yake mara nyingi hufika nyuzi 30 hadi 60. Wakati mwingine utaona utepe wa pili juu yake, ambao ni hamoni (mtetemo wa ngazi ya juu) ya mstari uleule. Usitarajie uwe kwenye frikwensi mara mbili kamili ya ile ya kwanza, kama ilivyo kwa uzi wa gitaa ulio na unene mmoja kote. Kasi ya wimbi hubadilika mno njiani, na kwa Dunia hamoni ya pili huwa juu zaidi ya mara mbili.

Thibitisha kwa uwiano wa vimo. Gawanya kimo cha kaskazini kwa kimo cha kusini: chini ya frikwensi ya katikati uwiano unazidi 1, juu yake unapungua 1, na unapita kwenye 1 karibu na pale awamu inapofika kilele. Vipimo hivi viwili vikikubaliana, andika frikwensi. Visipokubaliana, usiandike kitu.

Ukikuta awamu imegeuka alama, kabla ya kulaumu programu yako fikiria plazmasfia. Hiyo ni sehemu ya ndani yenye plazma nzito iliyopanda kutoka ionosfia, na ukingo wake, ambao mara nyingi huwa baina ya L ya 4 na 5, ni mkali: msongamano huporomoka ghafla ukivuka nje. Pale ukingoni mstari wa nje unakuwa mwepesi kuliko wa ndani, frikwensi inapanda badala ya kushuka, na awamu inageuka. Jozi yetu ya Ufini huangukia humo siku ambazo dhoruba ya sumaku imeubana ukingo huo ndani.

Kosa jingine silisahau. Niliwahi kufurahia kwa wiki nzima tofauti za awamu kubwa kutoka jozi fulani, hadi nilipoona kwamba hazikuwa na kilele: nyuzi 25 kwenye milihezi 7, nyuzi 50 kwenye milihezi 14, nyuzi 72 kwenye milihezi 20. Awamu inayopanda sambamba na frikwensi ni alama ya saa mbovu. Zidisha nyuzi 360 kwa milihezi 7 kwa sekunde 10 uone: inatoka 25. Kituo kimoja kilikuwa nyuma kwa kipimo kimoja kamili, na nilikuwa nimepima saa yake kwa usahihi mkubwa.

Hatua ya 6: Geuza frikwensi kuwa msongamano

Tuseme utepe wako umetulia kwenye milihezi 7, yaani kipindi cha sekunde 143.

Njia ya mkato iliyozoeleka ni kuhesabu muda wa wimbi kwenda na kurudi kwenye mstari, na kusema kipindi ni muda huo. Kwa uga wa umbo la sumaku ya ncha mbili hesabu hiyo ni nyepesi, na kwa sababu hiyo watu huipenda. Nakushauri usiitumie kwa hamoni ya kwanza, yaani mtetemo wa frikwensi ya chini kabisa ya mstari. Njia hiyo inafaa pale wimbi linapokuwa fupi likilinganishwa na umbali ambao kasi inabadilika, na hamoni ya kwanza ni ndefu kama mstari wenyewe.

Tatua mlinganyo wa wimbi badala yake. Si kazi ya zaidi ya mistari 20 ya programu. Acha z iwe saini ya latitudo ya sumaku kwenye mstari, na msongamano uongezeke kadiri unavyoshuka kuelekea Dunia kwa umbali uliopandishwa kipeo −m. Mlinganyo wa mtetemo wa mashariki na magharibi unakuwa hivi: kiwango cha pili cha badiliko la y kwa z ni sawa na −W² × (1 − z²) iliyopandishwa kipeo 6 − m, ikizidishwa kwa y. Hapa y inawakilisha uga wa umeme wa wimbi, ambao lazima uwe sifuri kwenye ionosfia, na W ni namba tupu tunayoitafuta. Anza ikweta, z ikiwa 0, y ikiwa 1 na mteremko wake 0. Tembea kwa hatua ndogo hadi z ya 0.866, ambayo ni saini ya nyuzi 60. Tazama y imefika wapi. Nikitumia m ya 1 na W² ya 4.6, naishia kwenye 0.03 juu ya sifuri. Nikiweka 4.9, naishia 0.03 chini yake. Jibu liko karibu na 4.74, na W ni 2.18.

Sasa hesabu ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Kasi ya Alfvén kwenye ikweta ni 2π × frikwensi × L × nusukipenyo cha Dunia, vyote vikigawanywa kwa W. Kwa hezi 0.007 na kilomita 25,484 tunapata 1,121, na tukigawanya kwa 2.18 kasi inakuwa kilomita 514 kwa sekunde. Uga wa ikweta kwa L ya 4 ni nanotesla 30,000 zikigawanywa kwa 64, yaani 469. Kasi ya Alfvén kwa kilomita kwa sekunde ni 21.8 mara uga kwa nanotesla, ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha msongamano kwa vizio vya tungamo ya atomi katika kila sentimita ya ujazo. Geuza kanuni hiyo: 21.8 × 469 ÷ 514 ni 19.9, na mraba wake ni takribani 396. Kila sentimita ya ujazo kule juu, basi, ina uzito wa protoni 400 hivi, kiasi ambacho ni cha kawaida kabisa kwa plazmasfia.

Njia ya mkato ingekupa W ya 3.21 na msongamano wa karibu 860. Zaidi ya mara mbili, kwa data ileile.

Je, m ikiwa si 1? Ukiweka 3, W inakuwa 2.06 na msongamano unashuka hadi 353, tofauti ya asilimia 11 hivi. Sababu ni kwamba wimbi hupoteza muda wake mwingi karibu na ikweta, ambako uga ni dhaifu, na yanayotokea karibu na Dunia hayana uzito mkubwa kwenye jibu. Frikwensi yenyewe ina madhara zaidi: ukiikosea kwa asilimia 10, msongamano umekosea kwa 20. Ndiyo maana nilikusihi ukae na awamu.

Kumbuka umepima tungamo, hukuhesabu chembe. Kama chombo cha anga kimepita hapo na kupima elektroni 300 kwa sentimita ya ujazo, gawanya 396 kwa 300 upate 1.3, wastani wa tungamo ya ioni moja. Namba hiyo ikipanda sana baada ya dhoruba, heliamu na hasa oksijeni zimepanda kutoka ionosfia.

Hatua ya 7: Ukiwa na chombo cha anga badala ya kituo

Chombo kimoja hakina jozi, kwa hiyo tofauti ya awamu itafutwe kwingine: baina ya uga wa umeme na uga sumaku wa wimbi lenyewe. Wimbi linalosafiri huvipandisha vyote kwa pamoja. Lililosimama huviachanisha kwa nyuzi 90. Vyombo vya THEMIS, Van Allen Probes na Arase vilibeba vipimo vya aina zote mbili, na data yake ni mazoezi mazuri.

Angalia tu chombo kiko wapi. Kwa hamoni ya kwanza, ikweta ndiko mstari unakoyumba zaidi, na uga wa umeme ni mkubwa, lakini uga sumaku wa wimbi pale ni sifuri. Mtu mwenye magnetomita peke yake akiwa juu ya ikweta anaweza kuapa kwamba hakuna kitu, huku mstari wote ukitetema chini yake.

Hatua ya 8: Ukiihamisha njia hii kwenye sayari nyingine

Kila dhana tuliyoitumia kimyakimya hapo juu lazima uitaje na kuikagua upya.

Kwenye Mshtarii, dhana inayovunjika ni ile ya m. Volkano za mwezi wake Io humwaga kiasi cha tani moja ya salfa na oksijeni kila sekunde, na mzunguko wa kasi wa sayari huitupa plazma hiyo nje na kuibana kwenye bapa la ikweta. Karibu na njia ya Io, nusukipenyo 5.9 za Mshtarii kutoka kitovuni, kuna elektroni takribani 2,000 kwa sentimita ya ujazo, na ioni zake ni nzito mara 20 na zaidi ya protoni. Ingawa uga pale ni wa nanotesla 1,900 hivi, kasi ya Alfvén inatoka kama kilomita 200 tu kwa sekunde. Ukipanda nje ya bapa, plazma inakwisha na kanuni yetu inaanza kutoa kasi inayozidi ya mwanga. Lazima utumie ile inayojumlisha kinyume cha mraba wa kasi ya Alfvén na kinyume cha mraba wa kasi ya mwanga. Wimbi hurudishwa kwa sehemu kwenye kingo za bapa kabla halijafika ionosfia, kwa hiyo mstari mmoja una mitetemo ya ndani ya bapa na mitetemo ya mstari mzima. Katika mlinganyo wa hatua ya 6, badilisha (1 − z²) yenye m kwa umbo la msongamano linaloporomoka pande zote mbili za bapa, na usilazimishe ulinganifu, kwa sababu bapa halilali sawasawa na ikweta ya sumaku.

Kwenye Utaridi kinachovunjika ni zaidi. Uga wake kwenye ikweta ni wa nanotesla 195 hivi, na kitovu cha sumaku yake kimesogea kaskazini kwa takribani kilomita 480, kwa hiyo nusu mbili za mstari hazilingani. Hakuna ionosfia ya maana. Mstari unaingia kwenye udongo usiopitisha umeme vizuri na kukutana na kiini cha metali chini yake, na hapo ndipo y inapaswa kuwa sifuri. Data ya chombo cha MESSENGER, kilichoizunguka sayari hiyo kuanzia 2011 hadi 2015, ilionyesha kwamba rezonansi zipo huko hata hivyo. Kabla ya kukokotoa chochote, zidisha uga wa mahali hapo kwa nanotesla mara milihezi 15.2, hiyo ndiyo frikwensi ambayo protoni huzunguka mstari wa uga. Kwa nanotesla 100 ni hezi 1.5. Mstari wa Dunia wa milihezi 7 uko chini mno ya kiwango hicho, na tuliweza kuichukulia plazma kama kimiminika kimoja. Kwenye Utaridi mistari ni mifupi na frikwensi zake hupanda kukielekea kiwango hicho, na zikikikaribia, protoni na ioni nzito za sodiamu hazitembei tena pamoja, na mlinganyo wa hatua ya 6 haufai hata kama data yako ni safi na awamu yako ina kilele kizuri.